John Wheatley, Mjumbe wa Baraza la Mji Aliyepigania Nyumba za Maskini

Wapo Wakristo wengi wadhanio kwamba kazi ya baraza la mji ni kazi ndogo, isiyomstahili mtu mwenye elimu wala mtu wa ibada. Husema kwamba mambo makubwa ya nchi hukatwa Bungeni, na mambo makubwa ya roho huamuliwa Kanisani. Basi mifereji, vyoo, takataka na kodi za vyumba waachiwe wale wasio na shughuli nyingine. Sisi hatuoni hivyo. Mtoto hazaliwi Bungeni, azaliwa chumbani. Na kama chumba hicho ni kimoja tu, na ndani yake wamelala baba, mama, ndugu, na pengine mgeni aliyekaribishwa kwa ajili ya senti zake, basi usafi wa mwili, staha ya wazazi na malezi mema vimekwisha kuingia hatarini kabla mtoto hajajifunza kufanya ishara ya msalaba.

Kwa sababu hiyo twapenda leo kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya Mkatoliki mmoja aliyelijua neno hilo tangu utoto wake, akaomba kura za watu kwa ajili yake, akalipeleka katika baraza la mji, na mwisho akalifanya kuwa sheria ya nchi nzima. Jina lake ni John Wheatley, wa mji wa Glasgow katika Uskoti. Alifariki mwaka 1930. Hakuwa mtakatifu wa altareni, na katika mambo yake yapo ambayo Wakatoliki wenziwe waliyapinga kwa nguvu. Lakini maisha yake yana mafundisho kwa kila baba na mama wa familia, na zaidi kwa kila Mkristo afikiriaye kugombea udiwani.

Mtoto wa machimboni

John Wheatley alizaliwa tarehe 19 Mei 1869 katika kijiji cha Bonmahon, wilaya ya Waterford, nchi ya Ayalandi. Zamani zile Waayalandi wengi walikuwa wakiihama nchi yao kwa umaskini. Wengine walivuka bahari kubwa kwenda Marekani, wengine walikwenda karibu zaidi, Uingereza na Uskoti, kutafuta kazi katika viwanda na machimbo. Mwaka 1876, John akiwa na umri wa miaka 7, wazazi wake walihamia wilaya ya Lanarkshire, mashariki ya mji wa Glasgow, na baba yake akaingia katika machimbo ya makaa ya mawe.

Huko familia ilikaa katika nyumba ya chumba kimoja, mojawapo ya safu za nyumba zilizojengwa kwa ajili ya wachimbaji. Hapakuwa na maji ndani wala mfereji wa kuondoa uchafu. Wazazi na watoto wao wengi walipika, walikula, walifua na kulala humo humo. Na mapato yalipopungua, waliwapokea na wageni wa kulipa. John alipokuwa bado kijana mdogo alimfuata baba yake shimoni, akafanya kazi ya makaa kwa miaka kama 10. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye nyumba ya vyumba sita hamjui mwenye chumba kimoja. Wheatley hakuhitaji kuhadithiwa na mtu yeyote habari za makao ya maskini. Aliyajua kwa mgongo wake mwenyewe.

Paroko wake, padre aliyetoka Uholanzi, aliona akili ya kijana huyo akamtia moyo kusoma. Wheatley akasoma usiku baada ya kazi. Alipotoka machimboni alijaribu kazi mbalimbali: aliuza vyakula dukani, akafanya kazi ya kilabu cha pombe, kisha akaajiriwa na gazeti la Wakatoliki lililoitwa Glasgow Observer. Mwaka 1896 alimwoa Mary Meechan, wakajaliwa watoto wawili, mwana na binti. Baadaye alianzisha kiwanda chake cha uchapaji na matangazo. Kiwanda kilistawi, na yule mtoto wa chumba kimoja akawa mtu wa nafasi yake. Angeweza kunyamaza tangu hapo, kama wafanyavyo wengi waliokwisha kuvuka mto.

Ugomvi na wenziwe wa Kanisa

Hapa twafika penye habari ngumu, na kwa kuwa gazeti letu ni la Wakatoliki, haitupasi kuipita mbio.

Waayalandi wa Glasgow siku zile walikuwa karibu wote Wakatoliki, na walipopiga kura walifuata shauri moja tu, yaani nchi yao ya Ayalandi ipewe serikali yake. Mambo ya mishahara na nyumba yalingojeshwa. Wheatley alianza kufundisha kwamba Mkatoliki mfanyakazi ana wajibu wa kuzitazama pia hali za kazi na makao yake. Mwaka 1906 aliunda chama cha Wakatoliki wafuasi wa ujamaa, na baada ya muda mfupi akaingia katika Chama Huru cha Leba.

Mapadre na waamini wengi walishtuka. Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alikuwa ameukataa ujamaa utakao kuwanyang'anya watu wote haki ya kumiliki mali. Lakini katika barua hiyo hiyo alifundisha kwamba mfanyakazi yampasa kupata mshahara wa kumtosha kuishi kwa heshima, na kwamba serikali ina wajibu wa kuwalinda maskini hasa, kwa kuwa wao hawana mali ya kujilinda. Wheatley alishika fundisho hili la pili na kudai kwamba ujamaa alioutaka yeye, yaani mji na nchi kushika mambo yawahusuyo watu wote, si ule uliohukumiwa na Papa. Aliandika vitabu vidogo. Alijibizana magazetini na padre mmoja Mbelgiji. Na mwaka 1909 alishindana hadharani mjini Glasgow na Hilaire Belloc, mwandishi mashuhuri Mkatoliki na mjumbe wa Bunge.

Maneno yalizidi kuwa makali, hata mwaka 1912 umati wa watu wa parokia yake mwenyewe ulikusanyika mbele ya nyumba yake, ukachoma moto sanamu iliyofanywa kwa mfano wake. Wheatley alisimama mlangoni pamoja na watu wa nyumbani mwake, akatazama. Kesho yake alikwenda Misa kama kawaida, akapita katikati ya wale wale waliomchoma kwa mfano. Hakulitupa Kanisa lake kwa sababu ya hasira ya watu wake, wala hakuiacha kazi yake kwa sababu ya kelele zao. Ni wangapi katika sisi, tukisemwa neno moja tu na mwenzetu wa jumuiya, hatuonekani kanisani mwezi mzima?

Yatupasa kuongeza kwamba mwaka 1931, mwaka mmoja baada ya kifo cha Wheatley, Papa Pius XI aliandika tena kwa ukali juu ya ujamaa, akasema kwamba Mkatoliki wa kweli hawezi kuwa mfuasi kamili wa mafundisho hayo. Naye Kardinali Bourne wa Westminster alieleza kwamba Wakatoliki wa Uingereza hawakukatazwa kwa neno hilo kuwamo katika chama cha Leba. Twayataja haya ili msomaji asidhani kwamba shauri lilikuwa jepesi. Halikuwa jepesi, na watu wema walikuwako pande zote mbili.

Mji wa chumba kimoja

Wheatley aliingia kwanza katika baraza la wilaya ya Lanarkshire mwaka 1910. Mwaka 1912 mji wa Glasgow ulipanua mipaka yake na kuimeza sehemu ya Shettleston alikokaa, naye akawa mjumbe wa Baraza la Mji wa Glasgow.

Yafaa tueleze mji huo ulikuwaje. Glasgow ulikuwa mji tajiri. Katika viwanda vyake vya mto Clyde ziliundwa meli zilizoonekana katika bahari zote za dunia, na injini za reli zilizopelekwa hata Afrika na Bara Hindi. Lakini waliozitengeneza meli hizo walikaa katika majengo ya mawe ya ghorofa tatu na nne, yaliyobanana hata jua halikufika uani. Hesabu ya watu ya mwaka 1911 ilionyesha kwamba karibu theluthi mbili za watu wa Glasgow walikaa katika nyumba za chumba kimoja au viwili. Choo kilikuwa ngazini, na familia kadhaa zilikitumia pamoja. Kifua kikuu kiliingia chumba hata chumba, nao watoto wachanga walikufa kwa wingi kuliko katika mitaa ya matajiri.

Wakuu wa mji walijaribu kuzuia msongamano huo kwa amri. Katika milango ya nyumba ndogo kilipigiliwa kibati cha chuma chenye hesabu ya watu walioruhusiwa kulala ndani. Usiku wa manane wakaguzi walibisha hodi, wakaingia na taa kuhesabu watu, na waliozidi walijificha kabatini, chini ya vitanda, na hata juu ya paa. Msomaji afikiri mwenyewe. Amri ilikuwako, faini ilikuwako, mkaguzi alikuwako, nyumba haikuwako. Wheatley aliona wazi kwamba kumtoza mtu faini kwa kukosa mahali pa kulala si dawa ya ugonjwa wowote.

Nyumba za pauni nane

Mwaka 1913 aliandika kitabu kidogo juu ya shauri lake, nalo lilijulikana tangu hapo kama shauri la nyumba za pauni nane. Hakudai sadaka, wala hakudai mali ya mtu ichukuliwe. Mji wa Glasgow ulikuwa na tramu zake wenyewe, yaani magari ya abiria yapitayo juu ya reli barabarani, na kila mwaka tramu hizo zilileta faida. Wheatley alitaka faida hiyo itumike kujenga nyumba za wafanyakazi pasipo riba, kila nyumba yenye nafasi yake na bustani, zipangishwe kwa kodi ya pauni 8 kwa mwaka.

Msingi wa hesabu yake waweza kuonyeshwa kwa mfano wetu wenyewe. Tuseme nyumba moja yagharimu pauni 200, na fedha hizo zimekopwa kwa riba ya 5 kwa mia. Kila mwaka riba peke yake ni pauni 10, wala deni lenyewe halijapungua hata senti moja. Lakini fedha hizo zikipatikana pasipo riba, na kulipwa polepole kwa miaka 40, malipo ya mwaka ni pauni 5 tu. Basi mpangaji alipapo kodi, sehemu kubwa si bei ya mawe, wala ya mbao, wala ya jasho la fundi. Ni bei ya fedha zilizokopwa. Wheatley aliwaeleza watu jambo hili kwa subira, mtaa kwa mtaa, hata mama wa nyumbani asiyejua hesabu nyingi aliweza kulieleza kwa jirani yake.

Baraza lilikataa. Wengi wa wajumbe walikuwa watu wa biashara, na wengine walikuwa na nyumba za kupangisha. Lakini shauri halikufa kwa kukataliwa. Mtu agombeaye baraza kwa neno moja lililo wazi, akashindwa, amekwisha kupanda mbegu; yule agombeaye kwa maneno ya kupendeza yasiyo na hesabu, hata akishinda, hakupanda kitu.

Wanawake wa mwaka 1915

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, wafanyakazi maelfu walimiminika Glasgow kutengeneza silaha na meli. Nyumba zikazidi kuwa haba, na wenye nyumba wakapandisha kodi. Waume wengi walikuwa vitani Ufaransa. Waliobaki kukabili mwenye nyumba walikuwa wanawake.

Katika mtaa wa Govan mama mmoja, Mary Barbour, mke wa fundi wa viwanda vya meli, aliwakusanya wanawake wenziwe. Walipatana kulipa kodi ya zamani na kukataa nyongeza. Waliweka matangazo madirishani. Mmoja alikaa zamu mwanzo wa ngazi na kengele mkononi, na alipomwona mjumbe wa mahakama ajaye kutoa watu, aliipiga. Wanawake wakashuka kutoka vyumba vyote, wengine na unga mkononi, wakamrudisha alikotoka mweupe kama chokaa. Upande wa Shettleston, Wheatley na watu wake walisimama kuitetea familia ya askari aliyejeruhiwa vitani, iliyotaka kutupwa nje kwa deni la kodi. Ilipofika Novemba, kiasi cha familia 20,000 zilikuwa zimekataa nyongeza.

Tarehe 17 Novemba 1915 wafanyakazi 18 waliitwa mahakamani kwa sababu ya kodi. Maelfu ya watu, wanawake kwa wanaume, walifuatana mpaka mlangoni pa mahakama. Mashtaka yaliachwa siku ile ile, na kabla ya mwaka kwisha Bunge lilipitisha sheria iliyorudisha kodi za nyumba ndogo mahali zilipokuwa Agosti 1914, katika Uingereza na Uskoti yote. Twawaomba akina mama wasomao gazeti hili waliangalie jambo hili. Wanawake hao hawakuwa na kura ya Bunge. Walikuwa na umoja, kengele na subira.

Mary Barbour mwenyewe alichaguliwa kuwa mjumbe wa Baraza la Mji mwaka 1920, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuketi humo. Huko aligombania mabafu ya watu wote, mahali pa kufulia nguo, maziwa kwa watoto wa shule na vituo vya kutunzia watoto wachanga. Katika mwaka huo huo chama cha Leba kilipata wajumbe zaidi ya 40 katika baraza, na Wheatley alikuwa kiongozi wao.

Waziri wa nyumba

Wheatley aligombea Bunge mwaka 1918, akashindwa kwa kura 74 tu. Hakulalamika, alirudi barazani kufanya kazi yake. Wakati huo Wakatoliki wengi walianza kumkaribia. Sheria ya elimu ya mwaka 1918 ilikuwa imezipa shule za Wakatoliki wa Uskoti msaada wa serikali bila kuzipokonya dini yao, na shauri la Ayalandi lilipofikia mapatano mwaka 1921, kura za Waayalandi zilikuwa huru kufuata mambo ya kazi na nyumba. Mwaka 1922 Glasgow ulipeleka wajumbe 10 wa Leba katika Bunge kati ya viti 15, naye Wheatley akawa mjumbe wa Shettleston.

Mwaka 1923 yeye na wenziwe watatu walifukuzwa Bungeni kwa muda. Sababu ilikuwa ugomvi juu ya kupunguzwa kwa fedha za kuwatunza watoto wachanga wa Uskoti. Mwenziwe James Maxton aliwaita waliokubali jambo hilo wauaji, na Wheatley akasimama pamoja naye. Hatuwasifu watu kwa kutukana katika mikutano. Lakini twaelewa uchungu wa mtu aonaye hesabu ya serikali ikitengenezwa kwa maziwa ya watoto.

Januari 1924 chama cha Leba kilishika serikali kwa mara ya kwanza, na Wheatley akawekwa kuwa Waziri wa Afya. Siku zile nyumba zilikuwa chini ya wizara hiyo. Serikali yake ilikuwa na wajumbe 191 tu Bungeni, hata haikuweza kupitisha neno lolote pasipo kibali cha vyama vingine. Wengi walitazamia kumwona mtu wa makelele. Walimwona mtu mnono, mpole, mwenye miwani minene, aliyeijua kila tarakimu ya hesabu yake na aliyejibu kila swali bila hasira.

Kwanza aliwaita wajenzi wenye makampuni na vyama vya mafundi, akawaketisha pamoja. Mafundi walikuwa wachache, kwa maana wengi walikuwa wameiacha kazi hiyo wakati wa vita, nao waliobaki waliogopa kufundisha vijana wengi wasije wakakosa kazi baadaye. Wheatley aliwaahidi mpango wa miaka 15 wa kujenga nyumba mfululizo, ili kijana ajifunzaye leo awe na hakika ya kazi kesho. Wakakubali. Kisha akaleta sheria yake, iliyopitishwa Agosti 1924. Kwa sheria hiyo serikali ilitoa ruzuku ya pauni 9 kila mwaka kwa kila nyumba, kwa muda wa miaka 40. Katika vijiji vya wakulima ruzuku ilikuwa pauni 12 na shilingi 10. Na mabaraza ya miji yaliongeza pauni 4 na shilingi 10 kutoka katika mapato yao. Sheria ya mwaka uliotangulia ilikuwa imetoa pauni 6 tu kwa miaka 20, na iliwafaa zaidi wajenzi wa kuuza nyumba. Hii ya Wheatley iliyaweka mabaraza ya miji mbele, na nyumba zikawa za kupangishwa.

Katika wizara hiyo alionyesha pia kwamba hakuiacha imani yake mlangoni. Alipoombwa na wengi, hata wa chama chake mwenyewe, aruhusu vituo vya akina mama vilivyosaidiwa na serikali kufundisha njia za kuzuia uzazi, alikataa, ijapokuwa jambo hilo lilimpunguzia marafiki. Wale waliomwita adui wa Kanisa mwaka 1912 walikuwa na la kufikiri mwaka 1924.

Serikali hiyo ilianguka baada ya miezi tisa. Lakini waliokuja nyuma hawakuifuta sheria yake, na ruzuku iliendelea mpaka mwaka 1933. Kwa sheria hiyo zilijengwa nyumba zaidi ya nusu milioni.

Mwisho wake na kipimo cha kazi yake

Miaka ya mwisho haikuwa ya furaha. Wheatley aligombana na wakubwa wa chama chake, akaacha kuketi katika safu ya mbele ya viongozi. Adui zake walimnyoshea kidole kwa sababu ya utajiri wa kiwanda chake, wakisema kwamba mtetezi wa maskini hana haki ya kuwa tajiri. Mwaka 1927 alishtaki kwa kashfa, akashindwa mahakamani. Leba iliporudi serikalini mwaka 1929 hakupewa kazi. Alifariki nyumbani kwake Shettleston tarehe 12 Mei 1930, wiki moja kabla ya kutimiza miaka 61, akazikwa katika makaburi ya Wakatoliki ya Dalbeth, Glasgow.

Haki yatudai tuseme pia mapungufu ya kazi yake. Nyumba zilizojengwa kwa sheria yake zilikuwa nzuri, zenye maji, bafu, choo cha ndani na mara nyingi bustani. Lakini kodi yake, ijapokuwa ilisaidiwa, ilikuwa bado kubwa kwa maskini wa mwisho kabisa. Waliohamia kwanza walikuwa mafundi na wafanyakazi wenye mshahara wa hakika. Wakaao katika vyumba vibovu kabisa walingojea sheria nyingine, na Glasgow ulikaa na mitaa yake michafu kwa muda mrefu baada ya yeye kuzikwa. Mtu mmoja hamalizi dhiki ya mji. Hata hivyo jina lake halikupotea: hata leo shirika kubwa kuliko yote ya kupangisha nyumba za gharama nafuu katika Uskoti laitwa kwa jina la Wheatley. Naye mwana wa ndugu yake, aliyeitwa pia John Wheatley, akawa jaji mkuu wa daraja la pili katika Uskoti, baada ya kusaidia kuwapatia maskini msaada wa wakili mahakamani.

Twajifunza nini sisi, ambao miji yetu yakua kila mwaka, na ambao vijana wetu hutoka vijijini kuja kukaa watano katika chumba kimoja?

Kwanza, kwamba nyumba ni jambo la dini pia. Padre aweza kuhubiri juu ya usafi wa ndoa na heshima ya wazazi kila Jumapili. Lakini asiyewajali watu wanavyolala Jumapili hiyo usiku ameifanya nusu ya kazi. Ukuta mmoja katikati ya chumba cha wazazi na cha watoto wafundisha mengi yasiyoweza kufundishwa kwa maneno.

Pili, kwamba agombeaye udiwani yampasa kuja na hesabu. Akiahidi maji, aseme yatatoka wapi na kwa fedha ipi. Akiahidi nyumba, aseme mwenye mshahara mdogo atalipa kiasi gani kwa mwezi. Wheatley alitaja fedha ya tramu, akataja pauni nane, na kila mtu aliweza kumpima. Mpiga kura Mkristo asiridhike na fulana, kofia na ngoma. Aulize hesabu, na baada ya uchaguzi aulize tena.

Tatu, kwamba tusiharakishe kumchoma mwenzetu kwa mfano. Mkatoliki aweza kushika njia katika mambo ya siasa ambayo mwenziwe haipendi, na wote wawili wakawa bado watoto wa Kanisa moja. Tumpinge kwa hoja pale tuonapo amekosa. Tuilinde imani kwa uthabiti. Lakini tusimfukuze mezani pa Bwana yeye ambaye Kanisa lenyewe halikumfukuza. Naye aliyekosewa ajifunze kwa Wheatley kurudi Misa kesho yake.

Katika kila parokia wamo watu wenye akili, wenye adabu, wasiopenda rushwa, ambao wakiombwa kugombea udiwani hujibu kwamba siasa ni uchafu. Twawauliza kwa upole: kama watu safi wote wamejitenga na uchafu, nani atausafisha? Kiti cha diwani hakina utukufu mwingi. Mshahara wake si mkubwa, shutuma zake ni nyingi, na mambo yake ni ya mifereji na vyoo. Lakini Bwana wetu mwenyewe alizaliwa katika zizi kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyumbani mwa wageni. Basi amtafutiaye maskini nafasi ya kulala amtafutia nani, kama si yeye?